Mkondo wa Joto Katika Bahari ya Barafu

Tazama ramani ya dunia. Tafuta bandari ya Murmansk, kaskazini kabisa mwa Urusi. Wakati wa baridi jua halichomozi huko kwa wiki kadhaa. Hata hivyo meli huingia na kutoka mwaka mzima, kwa sababu bahari haigandi ikafunga njia. Joto hilo latoka wapi?

Latoka mbali. Mkondo wa Ghuba huchukua maji yaliyopashwa joto na jua karibu na Marekani, ukayavusha Atlantiki. Tawi lake hupita pwani ya Norwe. Sehemu moja huingia Bahari ya Barents, penye Murmansk. Nyingine hupita kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard, ikaingia Bahari ya Aktiki.

Mwaka 1893 Mnorwe aitwaye Fridtjof Nansen aliiacha meli yake, Fram, ishikwe na barafu kwa makusudi. Ilichukuliwa na barafu hiyo hadi mwaka 1896. Alipopima maji ya chini, aliona ajabu. Maji ya juu yalikuwa na baridi chini ya nyuzi 0 za Sentigredi, lakini kwenye kina cha mita 200 na zaidi yalikuwa na joto kupita nyuzi 0. Je, maji ya joto hayaelei juu ya maji baridi?

Jaribio: Koroga vijiko vitatu vya chumvi katika nusu bilauri ya maji ya vuguvugu. Tia matone ya wino. Sasa mimina juu yake maji baridi yasiyo na chumvi, polepole sana, yapitie mgongoni mwa kijiko. (Ukifanya haraka yatachanganyika, nawe utaanza upya.) Maji yenye wino yako wapi?

Chumvi huyafanya maji kuwa mazito. Maji ya Atlantiki yana chumvi nyingi. Yale ya juu ya Aktiki yamezimuliwa na mito mikubwa ya Siberia na barafu iliyoyeyuka. Basi maji ya joto huzama, na tabaka la baridi huikinga barafu isiyeyushwe kutoka chini.

Mkondo huu haulingani kila mwaka. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kwa nguvu, maji mengi zaidi huingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bahari ya Barents ilikuwa baridi. Tangu mwaka 2000 imekuwa na joto zaidi, na barafu yake imepungua sana. Samaki nao wamefuata joto kuelekea kaskazini, na wavuvi nyuma yao. Upande wa mashariki wa Aktiki, tabaka la kinga limedhoofika. Joto la chini sasa huifikia barafu.

Maswali
1. Kwa nini maji ya joto ya Atlantiki huzama Aktiki?
2. Rudia jaribio bila chumvi. Eleza ulichoona.
3. Mito ya Siberia ikikauka, barafu itapatwa na nini?