Kutambua Aina ya Kihisi Kabla ya Kuagiza Kingine

Katika viwanda vya kukoboa kahawa, kuchambua pamba na kupoza maziwa, mashine nyingi huongozwa na vihisi. Kihisi ni kifaa kidogo, mara nyingi chenye umbo la boliti nene na waya nyuma yake, ambacho hutambua kuwa chuma kimekaribia na kuipelekea mashine habari hiyo kwa umeme. Kwa njia hiyo mashine hujua kama mlango umefungwa au kama mhimili unazunguka. Kihisi kikifa, mashine husimama ijapokuwa mota yake ni nzima, na mazao ya wanachama hulundikana ghalani.

Hapo katibu huombwa atie sahihi agizo la kununua kingine, na hapo ndipo fedha za chama hupotea. Vihisi viwili vyaweza kulingana kwa umbo na unene, lakini kimoja kisifae mahali pa mwenzake. Tofauti imo katika waya unaopeleka habari. Ndani ya kihisi cha aina ya NPN, transista huuunganisha waya huo na upande wa hasi. Katika PNP huuunganisha na upande wa chanya. Mashine iliyojengwa kupokea chanya haitaona kitu ikiletewa hasi. Dalili yake ni kwamba taa ndogo iliyo juu ya kihisi kipya huwaka chuma kikikaribia, lakini mashine haijibu. Wengi hudhani wameuziwa kibovu, wakanunua kingine cha aina ile ile. Husemwa kuwa mashine za Ulaya hupendelea PNP na za Japani NPN. Ni kweli kwa desturi, lakini agizo la chama halijengwi juu ya makisio.

Fundi wa chama aweza kutengeneza saketi ya kupimia kwa vitu vichache: betri ya volti 12, fyuzi ya nusu ampia, diodi ya kawaida kama 1N4007, rezista mbili za omu 1,000, na taa mbili ndogo za diodi. Taa hizo ziwe za rangi moja, kwa kuwa mpimaji atalinganisha ukali wa mwanga. Kutoka chanya ya betri umeme upite katika fyuzi, kisha diodi, rezista ya kwanza, taa A, taa B, rezista ya pili, hata hasi. Mguu mrefu wa kila taa uelekee upande wa chanya. Diodi huzuia madhara endapo waya za betri zitageuzwa. Fyuzi isiachwe kamwe: betri ya lori ikiguswa chanya kwa hasi huyeyusha waya.

Kabla ya kuunga kihisi, taa zote mbili huwaka kwa mwanga hafifu ulio sawa, maana mkondo mmoja wa karibu miliampia 4 huzipitia zote. Kihisi nacho kifunguliwe kabisa kutoka kwenye mashine. Waya wa kahawia uungwe baina ya diodi na rezista ya kwanza, wa buluu kwenye hasi, na mweusi baina ya taa A na taa B. Kisha kipande cha chuma kisogezwe mbele ya kihisi.

Taa A ikiwaka sana na B ikazimika, kihisi ni NPN. B ikiwaka sana na A ikazimika, ni PNP. Badiliko hilo likitokea chuma kinapofika, kihisi huwa wazi kikiwa kimepumzika. Ikiwa taa moja ilikuwa kali tangu mwanzo na ikafifia chuma kilipofika, kihisi ni cha kufungika. Taa zikipokezana, A kwa B, bila kufifia pamoja, kihisi hutoa chanya na hasi kwa zamu. Zisipobadilika hata kidogo, ama waya zimekosewa ama kihisi kimekufa.

Lebo isomwe kwanza. Saketi hii ni ya vihisi vya waya tatu vya umeme wa betri vinavyokubali volti 12. Chenye kutumia umeme wa volti 220 kisiungwe hapa hata kwa majaribio. Vile vinavyotoa kipimo, kama cha joto au uzito, badala ya ndiyo au siyo, pia havipimwi hivi.

Kihisi kilichokwisha kufa hakiwezi kuonyesha kilikuwa cha aina gani. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kabla ya msimu, vihisi vyote vikiwa hai, na mtunza ghala huandika katika daftari aina ya kila kimoja, wazi au cha kufungika, volti zake, unene wake, na umbali wa kutambua chuma kwa milimita. Siku ya kununua, saketi hupelekwa dukani pamoja na betri, na kihisi hupimwa mezani pa muuzaji kabla ya fedha kutolewa.