Nani Kakwambia Unafundisha?

*Bi Mkubwa, mimi ni mhadhiri Unguja, miaka 41, baba wa watoto watatu. Nimepata ufadhili wa utafiti wa miezi kumi katika chuo kikuu kimoja Ujerumani. Baridi na upweke vimenielemea. Posho haitoshi, nusu naituma nyumbani, nyumba yetu ya Fuoni imefika kwenye linta. Ufadhili unakwisha Juni. Niombe kuongezewa muda au nirudi? Tafadhali usiutaje mji, kwani nyumbani wanajua nafundisha huku.*
*Mtafiti*

Mwanangu, barua yako ilikuwa kurasa nne. Ukurasa mzima wa theluji nimeutoa. La muda lina jibu fupi: muulize profesa mwenyeji wako wiki hii, na mwajiri wako hapa kama ruhusa inaongezeka. La upweke: nunua koti la maana, tafuta msikiti wa Ijumaa na mtu wa kunywa naye chai.

Mimi nimeganda kwenye maneno yako ya mwisho. Wanajua unafundisha? Wamejuaje, na wewe hufundishi? Umewaambia wewe, kwa sababu uliona haya: mtu mzima, mke na watoto, kuaga mtaani kwamba anakwenda kusoma! Ukisema kufundisha, watu wanasikia mshahara. Sasa mkeo anapiga hesabu ya mshahara usiokuwepo, fundi anapandisha ukuta, na wewe huko unashindia mkate.

Hebu watazame wageni wanaokuja kwetu na ufadhili kama wako. Wanapanga chumba Vuga au Shangani, asubuhi wako Kilimani kwenye jumba la Nyaraka wanapekua majalada ya zama za masultani, jioni Forodhani na bakuli la urojo. Mwengine ana mvi kichwa kizima, na ukimuuliza anafanya nini atakwambia bila haya: nasoma. Umewahi kusikia mmoja wao akiagizwa saruji? Posho ile ni ya kodi, chakula na vitabu, ili kichwa kitulie. Ukiimwaga Fuoni, utarudi una kuta huna makala, na chuoni hawatakuuliza kuta. Sisemi watoto wasile. Mshahara wako wa Unguja bado unaingia? Hilo hukulisema. Kama unaingia, huo ndio wa nyumbani.

Na katika kurasa zote nne hukunitajia hata mara moja unatafiti nini. Kwa hiyo huo muda unautaka wa nini, kama si kuogopa siku ya kushuka uwanja wa ndege wa Kisauni na begi lako?

Aliyefundisha kweli huko Ujerumani ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kusomesha Kiswahili, akaoa Mjerumani, akadharauliwa na wanafunzi mpaka akaacha kazi mwaka 1905. Alipotaka kurudi na mkewe, wakoloni wakamkataza kushuka Dar es Salaam. Akafia Berlin mwaka 1927. Yeye alifungiwa mlango na dola. Wako umeufunga kwa mdomo wako.

Mpigie mkeo leo, watoto wakishalala, wala usimtumie ujumbe wa sauti. Mtajie posho ni euro ngapi, chumba kinakula ngapi, na tarehe ya mwisho. Atakasirika, mwache akasirike, asikie na unachokitafiti. Kisha mpigie fundi wewe mwenyewe, si kwa kumtuma mtu, umwambie asimamishe kazi.