Jinsi ya Kuipa Sanamu Ndogo Sura ya Chuma

Sanamu ndogo za morani, zilizochongwa kwa mti, huuzwa sana Nairobi. Ustadi wa kuzichonga ulienea kutoka Wamunyu, Ukambani, baada ya Vita Vikuu vya 1914–1918. Lakini mara nyingi mkuki wa morani hupakwa rangi ya fedha tupu, ukafanana na kijiti kilichotiwa majivu, na mnunuzi huipita sanamu asiitazame. Iko njia iliyo bora.

Mwanafunzi na aanze kwa kutazama. Huko Kibera wako mafundi wayeyushao makufuli na mabomba makuukuu ya shaba, wakafanyiza mapambo. Na Kawangware mafundi wa jua kali hukunja na kugonga mabati. Akishika kipande kilichong'arishwa na kukigeuza juani, ataona kwamba chuma huonyesha kilicho mbele yake kama kioo. Upande uelekeao mbingu huwa mweupe, uelekeao ardhi huwa mweusi, na viwili hivyo hukutana ghafula. Hiyo ndiyo siri yote.

Kwanza, mti usuguliwe kwa msasa, upanguswe vumbi, kisha upakwe rangi nyeusi nyepesi na kuachwa ukauke kabisa.

Pili, ichaguliwe mahali nuru itokapo, wala isibadilishwe. Upande wa nuru upakwe kijivu chenye buluu kidogo. Upande wa pili ubaki mweusi.

Tatu, kwa brashi nyembamba, uchorwe mstari mweupe ukingoni mwa mkuki, na nukta moja nchani.

Kwa bangili za shaba, hudhurungi hushika mahali pa nyeusi, na manjano mahali pa kijivu. Mstari wa mwisho huwa karibu na weupe.

Kutu itiwe kidogo tu, pale maji yawezapo kutuama. Ikienea kote, mkuki utaonekana kama umetupwa jalalani.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Rangi nyingine, hasa zile za zamani, zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Brashi isilambwe ili kuichongoa, rangi kuukuu isisuguliwe ikawa vumbi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kazi ikiwa njema, mnunuzi atanyosha kidole aguse ncha ya mkuki apate kujua kama ni chuma. Hapo fundi hana haja ya kumwita.