Keki ya bangi: moto hufanya nini, na kwa nini watoto wanaumia

Jioni moja mama alifika katika kliniki akiwa amembeba mtoto wa miaka 3 aliyelegea mwili mzima. Mtoto hakuwa na homa wala hakuwa ameanguka. Alikuwa amelala usingizi mzito tangu saa kumi alasiri, na kila alipoamshwa alifumbua macho kidogo akalala tena. Nilimwuliza mama kama mtoto alikuwa amekula au kunywa kitu kisicho cha kawaida. Akasema hapana.

Tulimpima malaria na sukari, tukakuta yako sawa. Tukampeleka hospitali kubwa, na huko alidungwa sindano ya mgongoni kwa kuhofiwa kuwa ana homa ya uti wa mgongo. Ilipokaribia usiku wa manane, mjomba wake alikiri kwa simu kwamba alikuwa ameacha vipande vya keki ya bangi mezani, vimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Mtoto huyo alipona. Lakini familia nzima ilikuwa imeamini kwamba bangi ya kula ni kitu chepesi kuliko ya kuvuta. Wiki hii tuangalie kwa nini imani hiyo ni ya hatari.

JANI BICHI NA LILILOPITA MOTO

Wengi hushangaa kusikia kwamba jani bichi la bangi halileweshi sana. Ndani yake mna asidi iitwayo THCA, ambayo haina nguvu ya kulewesha. Asidi hii ikipashwa moto, sehemu yake moja huponyoka ikiwa hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Kinachobaki ni THC, na hiki ndicho kileo chenyewe. THC ilitambuliwa na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israel mwaka 1964.

Basi moto ndio unaoamua nguvu ya bangi. Ukiwa mdogo, asidi nyingi hubaki ilivyo. Ukizidi, THC nayo huharibika na kuwa kemikali hafifu zaidi, au hutoka na mvuke. Katikati ya hapo kileo huwa kikali kabisa. Mpishi wa nyumbani hana kipimo cha kumwambia yuko wapi kati ya hizo hali 3.

NJIA 4 ZA MOTO

Kuvuta. Ncha ya msokoto huwaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Mabadiliko hutokea papo hapo, na THC nyingine huungua bure. Mvutaji hulewa kwa dakika chache, kwa hiyo anaweza kujua amefika wapi na kuacha. Madhara yake makubwa ni moshi, wenye lami na gesi ya sumu inayokaba mapafu na kuusumbua moyo.

Kuchemsha kama chai. Maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka. Hapa Nairobi, kwa sababu tuko nyanda za juu, maji huchemka kwa nyuzi kama 94 tu. Badiliko huwa la polepole, na THC haiyeyuki vizuri katika maji. Lakini huyeyuka katika mafuta, na maziwa yana mafuta. Ndiyo maana kikombe cha leo kinaweza kuwa kama maji matupu na cha kesho kikamwangusha mtu. Wapo wanaompa mtoto chai hii wakidhani itatibu pumu au degedege. Tafadhali msifanye hivyo.

Kukaanga kwa mafuta au siagi. Sufuria juu ya jiko la makaa huwa moto sana katikati na baridi kandoni. Mafuta huibeba THC vizuri, lakini nguvu ya mafuta hayo haijulikani. Mandazi 2 ya karai moja yanaweza kutofautiana kama mchana na usiku.

Kuoka katika oveni. Hii ndiyo njia inayoaminiwa zaidi, kwa kuwa oveni ina namba za joto. Hata hivyo oveni nyingi za nyumbani hazisemi kweli. Joto halisi hupanda na kushuka kuliko namba inavyoonyesha. Tena unga usipochanganywa sawasawa, kipande kimoja cha keki hubeba dozi ya watu kadhaa na kingine hakina kitu.

Ukilinganisha njia hizi, utaona kwamba zile za kula humwondolea mtu moshi, lakini humnyima uwezo wa kujua kiasi alichotumia. Kwa macho ya daktari, hakuna hata moja iliyo salama nyumbani.

KWA NINI KEKI HUCHELEWA

Moshi huingia kwenye mapafu na kufika ubongoni kwa dakika chache. Keki lazima ipite tumboni, utumboni, kisha kwenye ini. Safari hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa 2. Ini nalo huigeuza THC kuwa kemikali nyingine inayolewesha kwa nguvu zaidi. Ulevi wa keki hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, na unaweza kudumu saa 8 au hata 12.

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu hula kipande, akingoja saa nzima haoni kitu, akaongeza. Mwaka 2014 mjini Denver, Marekani, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Congo alikula kipande cha biskuti ya bangi iliyouzwa dukani kihalali. Baada ya nusu saa hadi saa moja hakusikia chochote, akaimaliza yote. Biskuti hiyo ilikuwa na miligramu 65 za THC, na dozi ya mtu mmoja ilikuwa 10. Muda si mrefu alianza kupayuka na kuwa mkali, na saa 3 na nusu tangu kipande cha kwanza aliruka kutoka ghorofa ya 4 akafa. Na biskuti ile ilikuwa imepimwa kiwandani. Je, ile iliyookwa na jirani yako?

Ni nadra mtu mzima kuuawa na bangi peke yake. Kinachoua ni anayoyafanya akiwa amelewa: kuendesha gari, kupanda pikipiki, kuruka. Mtoto mdogo ni tofauti, kwani anaweza kupoteza fahamu na pumzi yake kudhoofika.

UFANYE NINI

Mtoto akila bangi, mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anacheza. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa au kahawa. Akiwa na usingizi, mlaze ubavu ili asipaliwe. Beba kipande kilichobaki.

Mtu mzima aliyezidiwa akae mahali tulivu na mtu wa kumwangalia. Asinywe pombe, asiendeshe chombo. Akipata maumivu ya kifua, kifafa, au akiona na kusikia yasiyokuwepo, apelekwe hospitali.

Na zaidi ya yote, sema ukweli. Najua sheria ya mwaka 1994 inakataza bangi, na wazazi wengi huogopa polisi. Lakini daktari yuko pale kutibu. Hakuna dawa ya kuifuta bangi mwilini. Tunachofanya ni kulinda pumzi na moyo mpaka iishe. Tukijua mapema, mtoto haponzwi na vipimo vingi, wala hadungwi sindano ya mgongoni bila sababu.

Ni kweli zipo dawa za hospitali zenye asili ya bangi, kama ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa cha watoto. Hizo hupimwa miligramu kwa miligramu. Hazipikwi jikoni.

Ikiwa wewe au mwenzako anatatizwa na bangi, NACADA hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192. Na kama kuna keki ya aina hiyo nyumbani kwako leo, itupe kabla mtoto hajarudi kutoka shuleni akiwa na njaa.