Ipe Bahari Mgongo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Mbele ya Orodha ya Mvinyo

Makala hii ni ya wanaokunywa. Asiyekunywa aruke ukurasa, hajapoteza kitu.

Hoteli za Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, huuza vitu viwili mezani: chakula na machweo. Machweo hayaandikwi kwenye bili, lakini yamo, na mara nyingi yamejificha ndani ya chupa. Ndiyo maana naandika kwa ukali.

KAA ukiipa bahari mgongo. Fanya hivyo kabla hujaifungua orodha. Jua likiwa linazama na ngalawa zinarudi, hata siki utaiona mvinyo. Ukishaagiza, geuza kiti utazame unavyotaka.

USIHESABU kurasa. Orodha ndefu si dalili ya ghala lililojaa. Hoteli moja ya huko kaskazini iliniletea kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi. Niliagiza mvinyo wa kwanza: umeisha. Wa pili: umeisha. Wa tatu: "ngoja nikaulize, bosi." Wa nne ndio ukaja, ukiwa na joto la chai iliyosahaulika. Afadhali karatasi moja yenye majina kumi ambayo yote yapo.

TAFUTA mwaka wa mavuno kando ya kila jina. Kama hakuna miaka, mwenye orodha ama hajui anachouza ama hataki wewe ujue. Sauvignon Blanc ya kawaida hunywewa ikiwa changa, mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiikuta ina miaka saba na bado inauzwa, usidhani umepata hazina. Umepata mabaki.

USIKUBALI kuambiwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa "katika joto la chumba". Kauli hiyo ilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe zenye baridi, na chumba kilichokusudiwa kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Kendwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, hupita nyuzi 30. Katika joto hilo kileo ndicho kinachotangulia puani na tunda halisikiki tena. Agiza ndoo ya barafu na maji, tumbukiza chupa ya mvinyo mwekundu dakika kumi na tano, wala usimwonee haya mtu wa meza ya pili anayekukodolea macho. Mweupe unataka baridi zaidi, nyuzi 8 hadi 10 hivi. (Kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mambo ni mengine: usiku wa Julai utatamani kuikumbatia chupa uipashe.)

ULIZA chupa zinalala wapi. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na hakuna anayeliuliza. Tazama kaunta: je, chupa zimepangwa kwenye rafu ya kioo, zimesimama wima, zinapigwa na jua la alasiri ili zipendeze? Basi hizo ni mapambo. Mwanga na joto huharibu mvinyo, na chupa yenye kizibo cha gome la mti ikisimama miezi mingi, kizibo hukauka, hewa ikapenya. Mahali ambapo hujui chupa zimehifadhiwa vipi, chagua yenye kifuniko cha kuzungusha. Si ya kimaskini hata kidogo.

USIIAMINI orodha inayoita kila chenye mapovu "shampeni". Shampeni hutoka mkoa wa Champagne, Ufaransa, basi. Prosecco ni ya Italia. Afrika Kusini wana Cap Classique, ambayo, kama shampeni, huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na kwa kawaida bei yake ina huruma zaidi. Anayechanganya hivyo vitatu kwenye karatasi atachanganya na vingine kwenye bili.

TAFUTA Dodoma. Hapa sina mzaha. Zabibu zilipandwa huko na mapadri wa Kikatoliki waliohitaji mvinyo wa misa, na leo wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa hawezi hata kuliota. Kuna aina nyekundu iitwayo Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na kuna Chenin Blanc. Si kila chupa ya Dodoma ni nzuri. Nyingine ni tamu kama sharubati na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Lakini hoteli ya Tanzania yenye chupa za Chile na hakuna hata moja ya Dodoma, hiyo naikata alama kabla sijaonja. Ikiwa nayo lakini imeificha mwisho kabisa, chini ya bia, naikata nusu.

FANYA hesabu ya glasi. Chupa ina mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Zidisha bei ya glasi kwa tano, kisha tazama bei ya chupa. Halafu uliza chupa hiyo ilifunguliwa lini. Ya jana iliyokaa kwenye friji inanyweka. Iliyofunguliwa Jumatatu ikakaa kaunta hadi Ijumaa iishie kwenye kachumbari.

USIAGIZE mwekundu mzito, mkavu, kwa samaki wa kupaka. Mvinyo huo ukikutana na mafuta ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili huongezeka ukali.

HAKIKISHA chupa inafunguliwa mbele yako. Nusa. Harufu ya boksi lililolowa ni ya kizibo kibovu: irudishe, hiyo ni haki yako. Lakini USIRUDISHE chupa nzima kwa sababu tu hukuipenda. Uliichagua mwenyewe, inywe au iache.

Na USIMDHALILISHE mhudumu. Kijana aliyeajiriwa msimu huu, ambaye hajawahi kuonjeshwa hata tone la anachokiuza, au ambaye dini yake haimruhusu kukionja, hastahili kuulizwa maswali ya mtihani mbele ya wageni. Mwajiri wake ndiye aliyepaswa kumfundisha. Mwite meneja umuulize yeye.

Mimi hutoa alama hivi: chupa kumi na mbili zenye miaka, zilizolala kivulini, mbili zikiwa za Dodoma, hupata nane kwa kumi. Chupa themanini zilizosimama juani, hata kama pomboo wanaruka mbele ya meza, hupata mbili.