Kuipenda Lugha Yako Si Ukabila

Wapo ndugu zetu, tena wenye nia njema, wanaoamini kwamba Muislamu akishaijua dini yake hana haja tena na lugha ya babu zake, majigambo ya wazee, nyimbo za ngoma wala hadithi za kabila lake. Kwao yote hayo ni jahiliyya. Upande wa pili wapo wanaodhani kuwa huwezi kulitukuza kabila lako mpaka umdunishe jirani. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu hapa Hanga, na wanafunzi wameniuliza suala hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilijibu gazetini, ili wenye elimu zaidi wapate kunikosoa.

Kwanza msomaji apajue mahali ninapopazungumzia. Hanga, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Wilaya ya Namtumbo ingawa wengi wetu tukiwa mbali bado tunasema tumetoka Songea, inajulikana zaidi kwa abasia ya Wabenediktini. Katika sehemu hizi Wangoni wengi ni Wakatoliki na Wandendeule wengi ni Waislamu. Wapo Wangoni Waislamu na Wandendeule Wakristo, na zipo nyumba zenye wote wawili chini ya paa moja. Lakini kwa ujumla mpaka wa kabila na mpaka wa dini vimekaribiana mno, na hapo ndipo penye hatari. Kijana akiimba ngomani wimbo wa kumdhalilisha Mndendeule, anayesikia hasikii kabila peke yake, anasikia na dini. Na Mndendeule akimcheka Mngoni ni vivyo hivyo. Tusi la kabila linaweza kuvaa kanzu au msalaba kabla jua halijachwa.

Sasa turudi Madina, maana huko ndiko tunakopata mfano ulio karibu zaidi na hali yetu.

Aus na Khazraj walikuwa watu wa asili moja na lugha moja, mashamba yao ya mitende yamepakana. Walipigana muda mrefu, na vita vyao vikubwa vya mwisho, vya Bu'ath, vilitokea miaka michache tu kabla ya Mtume (s.a.w.) kuhamia kwao. Ibn Is-haq anasimulia kwamba baada ya Uislamu kuwaunganisha, mtu mmoja aliyechukizwa na umoja ule alimtuma kijana aende akaketi nao, awakumbushe siku ya Bu'ath na kuwasomea mashairi ambayo kila upande ulikuwa umetunga wakati wa vita vile. Hakutuma panga wala fedha. Alituma mashairi. Haukupita muda watu wakaanza kujigamba, wakanyanyuka, wakaitana kwenda kuchukua silaha. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), akawaendea pamoja na Muhajirina, akawauliza iweje waitane kwa wito wa kijahili ilhali yeye yuko miongoni mwao. Wakalia, wakakumbatiana. Wafasiri wengi wanaihusisha habari hii na aya za Suratu Aali Imraan kuanzia ya 100, mpaka ile ya 103 inayotuamrisha kushikamana kwa pamoja na kamba ya Allah.

Lipo jambo ambalo wahubiri wetu huliacha wanaposimulia kisa hiki. Je, baada ya siku ile Mtume (s.a.w.) aliwakataza Ansari mashairi? Hakuwakataza. Hassan bin Thabit, naye ni Mkhazraji aliyekuwa mshairi tangu zama za jahiliyya, aliwekewa mimbari msikitini asimame atunge kuutetea Uislamu. Suratush-Shu'araa, mwishoni mwake, inawalaumu washairi, kisha inawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Kwa hiyo fani haikuharamishwa, kilichokataliwa ni matumizi yake.

Na jina la kabila pia halikuharamishwa. Katika safari moja ya vita mtu wa Muhajirina alimpiga teke mtu wa Ansari. Huyu akawaita Ansari wenzake, yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) akawaambia waache, ule ni wito unaonuka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama tena majina hayo: Muhajirina na Ansari ni majina ya heshima, yametajwa kwa sifa ndani ya Qur'an yenyewe. Jina zuri kuliko yote likitumiwa kukusanya watu dhidi ya wenzao, nalo linanuka. Na alipoulizwa kama ni asabiyya mtu kuwapenda watu wake, kama alivyopokea Ibn Majah, alijibu kuwa siyo. Asabiyya ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma.

Basi kwa kipimo hicho tujitazame wenyewe.

Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Yeye alifia Ufipa katika miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika, na baadhi ya makundi ya Wangoni yakafika nchi hii ya Songea. Walikuta wenyewe wapo: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengineo. Wakawavamia, wakateka watu na kuwachanganya katika majeshi na nyumba zao, na waliotekwa wakaitwa Wasutu. Hiyo ilikuwa dhulma, na sioni sababu ya kuitafutia jina laini. Lakini angalia kilichofuata. Katika vizazi vichache lugha ya washindi ikafa. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo si kile cha kusini kwa Wazulu. Ni lugha ya hapa hapa, ndugu wa Kindendeule na lugha za jirani, iliyobakiwa na maneno ya wageni kama nkosi na nduna, na majina ya koo kama Gama. Mtu mzima aweza kuteka nchi kwa mkuki, lakini mtoto wake huzungumza lugha ya mama aliyemlea. Kwa hiyo Mngoni anayejitapa kwa Kingoni chake mbele ya Mndendeule anajitapa kwa kitu alichoazima kwa huyo huyo anayemtapia. Nikiwaeleza hivi wanafunzi hucheka, halafu hunyamaza.

Suratur-Ruum, aya ya 22, inazihesabu tofauti za lugha zetu na rangi zetu katika ishara za Allah, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mwenye kuacha Kindendeule kife kwa kudhani anafanya ibada ajiulize anafuta nini. Na asidhani tumepungukiwa na watu wa kujivunia katika fani. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, asili yake ni Wayao, na Wayao ni jirani zetu wa Tunduru. Vita vya Majimaji, ambavyo Songea tunavisimulia kwa fahari kuliko jambo jingine lolote, vilitungiwa utenzi wa Kiswahili na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, na W. H. Whiteley akauchapisha mwaka 1957. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969. Inamhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwa Wamatumbi. Historia ndefu ya Wangoni ikaandikwa na padri wa Kibenediktini, Elzear Ebner. Maana yake ni kwamba kumbukumbu zetu nyingi zimetunzwa na majirani na wageni. Na maji yenyewe yalitufikia kutoka mashariki, upande wa Wangindo. Siku ya tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga wazee wetu mjini Songea, walikuwa wanaadhibu watu ambao kosa lao kubwa lilikuwa kusikilizana na makabila mengine. Leo mtu asimame kwenye kumbukumbu ile ajigambe kwa kabila moja? Atakuwa hakukielewa alichokuja kukikumbuka.

Tutoke kidogo nje, twende Nigeria kwa Wayoruba, kwa sababu wao wametutangulia katika jambo hili, kwa mazuri yake na mabaya yake. Jina lao limo katika maandishi ya mwanachuoni wa Timbuktu, Ahmad Baba, ya mwaka 1615. Masheikh wa Ilorin waliiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu. Ajayi Crowther, aliyetekwa utumwani mwaka 1821 na baadaye kuwa askofu, akaiandikia msamiati kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1938 D. O. Fagunwa akatoa riwaya kwa Kiyoruba, na Wole Soyinka, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, ndiye aliyeitafsiri riwaya hiyo kwa Kiingereza. Kwao Muislamu na Mkristo kuzaliwa tumbo moja ni jambo la kawaida, na wote wawili huona fahari kwa lugha ile ile. Fahari hiyo imesaidia sana kuwafanya wavumiliane katika dini.

Lakini haikutosha. Katika karne ya 19 Ibadan na Ekiti, wote Wayoruba, walipigana vita vya Kiriji kuanzia mwaka 1877 hadi 1893. Na kati ya mwaka 1997 na 2000 watu wa Ife na Modakeke, miji iliyogusana kama Aus na Khazraj, waliuana na kuchomeana nyumba kwa mambo ya ardhi na makao ya serikali ya mitaa. Lugha yao moja, fasihi yao moja, na Ife ndiyo wanayoiita chimbuko lao wote. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba tukikusanya hadithi na kuandaa matamasha, amani itakuja yenyewe. Haiji yenyewe. Panahitajika na utaratibu wa kumalizia ugomvi.

Wandendeule walikuwa nao. Mtaalamu Mwingereza, P. H. Gulliver, alikaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaandika kitabu mwaka 1971, na kukiita Neighbours and Networks, yaani majirani na mitandao yao. Alichokikuta ni kwamba wakigombana wawili, kila mmoja huita jamaa zake, pande mbili hukaa pamoja, wakavutana kwa maneno, huyu akishuka kidogo na yule akishuka kidogo mpaka wakakubaliana, bila ya hakimu wa kuwakatia shauri. Na kwa kuwa jamaa wa huyu mara nyingi ni jamaa wa yule pia, wapo waliokaa katikati wasiotaka upande wowote uvunjike. Msomaji wa Qur'an ataikumbuka Suratun-Nisaa, aya ya 35, juu ya mwamuzi kutoka upande wa mume na mwamuzi kutoka upande wa mke. Gulliver aliona pia kuwa watu walialikana kulima kwa pombe. Hilo tuliache huko huko alikolikuta.

Wangoni nao wana utani. Walipigana na Wahehe vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, hakuna aliyemshinda mwenziwe, na uadui ule ukageuka kuwa utani unaodumu mpaka leo. Hapa ndipo wanafunzi huniuliza swali gumu: Suratul Hujuraat, aya ya 11, imekataza watu kuwadharau watu wengine na kuitana majina mabaya. Basi utani ni haramu?

Rai yangu ni kwamba utani kwa asili yake ni mapatano ya amani, na mapatano ya amani hayavunjwi bila sababu ya kisheria. Lakini yana mipaka, na tumeivuka. Mtume (s.a.w.) alitania, na hakusema ila kweli, na amemuonya vikali anayesema uongo ili watu wacheke. Amekataza mtu kuchukua mali ya mwenzake, si kwa mzaha wala si kwa kweli. Sasa angalia msibani. Mtani anachukua kuku, anazuia jeneza mpaka atoe mtu fedha, na mfiwa hana raha ila anaona haya kukataa. Kama mfiwa ameridhia, hakuna tatizo. Kama hakuridhia, hiyo ni mali ya yatima imeliwa kwa jina la mila. Na utani wa kweli ni wa pande mbili: anayetania naye hutaniwa. Wimbo unaokwenda upande mmoja tu, kwa mtu asiyeweza kujibu, usiitwe utani. Hata hivyo nawaomba masheikh wanaopiga marufuku utani wote juu ya mimbari waseme kwanza wataweka nini mahali pake, siku Mngoni na Mhehe watakapokumbuka walivyouana.

Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake wakati wa Majimaji. Ni jambo jema. Sijasikia bado kikao ambacho wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa walioteka, wa hapa hapa kwetu, wamekaa kuyazungumza yao.

Darasani nimeanza na kidogo. Nimewapa wanafunzi kazi ya kuandika hadithi moja kutoka kwa mzee asiye wa kabila lao, kwa Kiswahili, na maneno ya lugha ya mzee yabaki kama alivyoyatamka. Sharti ni kwamba isomwe mbele ya wote, wa kabila hilo na wasio wa kabila hilo. Daftari mbili zimekuja na habari ya uvamizi mmoja. Mzee wa upande mmoja amesema tuliwachukua wakawa ndugu zetu. Wa upande wa pili amesema walituiba, tukawalelea watoto. Sikusahihisha lolote. Nimeyafunga makaratasi hayo mawili katika jalada moja, na wiki ijayo, inshaallah, yatasomwa yakifuatana.