Nilenge Kilo Ngapi?

Shangazi mpendwa,

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, fundi wa kushona hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kwa maumivu ya magoti. Muuguzi akanipima, akasema nina kilo 88 na kimo cha sentimita 160, presha 148 kwa 92, na sukari kabla ya kula 6.4. Kisha akanionyesha chati iliyobandikwa ukutani, akaniambia mtu wa kimo changu hapaswi kuzidi kilo 64. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Kilo 64 nilikuwa nazo mara ya mwisho nilipokuwa mwari. Siku ya harusi yangu nilikuwa na 66, na nilipokuwa na miaka 35, baada ya mtoto wa mwisho, nilikuwa na 80, sina presha wala magoti hayaniumi. Mwaka juzi nilijaribu kula mlo mmoja kwa siku, nikashuka hadi 76, lakini nikawa nalala nikiota chakula, nawagombeza watoto kwa jambo dogo, na haukupita muda kilo zote zikarudi na nyingine juu yake. Sasa wifi yangu ananihimiza ninunue unga wa kupunguza mwili unaouzwa sokoni, naye mume wangu hataki nipungue hata kidogo, asije akasemwa kwamba hanilishi. Nilenge kilo ngapi, Shangazi? Na kama 64 siziwezi, nikate tamaa nibaki nilivyo?

Fundi Mwenye Kuelemewa, Tanga

Mwanangu Fundi,

Kabla sijaingia katika hesabu, nataka nikutenganishie maswali mawili ambayo pale zahanati, pengine kwa wingi wa wagonjwa na uchache wa wakati, yalichanganywa yakawa moja. La kwanza ni kama mwili wako unahitaji kupunguziwa mzigo. Na hilo, kwa presha ile, na sukari ile, na magoti yale, jibu lake ni ndiyo, wala sitakuficha kwa kukuonea haya. La pili ni upungue hadi wapi. Na hilo chati ya ukutani haina uwezo wa kulijibu peke yake, maadamu haijui umri wako, wala uzazi wako, wala kazi yako, wala haijapata kukuuliza ni katika uzito gani uliwahi kuishi miaka kadhaa kwa salama na afya.

Hesabu iliyoizaa chati hiyo, yaani uwiano upatikanao kwa kuzigawa kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, ilitungwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanafalaki na bingwa wa takwimu, ambaye hakuwa tabibu wala hakukusudia kumtibu mtu yeyote, bali alikuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika umma mzima. Ikakaa zaidi ya miaka mia moja, hata mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani, baada ya kuchunguza vipimo vya watu zaidi ya elfu saba wa nchi tano, wanaume watupu bila ya mwanamke hata mmoja, akaipa jina inalojulikana nalo hadi leo, na akaipendekeza kwa kazi ya kuchunguza makundi ya watu. Mipaka yenyewe nayo, ya 25 kuwa mwanzo wa uzito wa ziada na 30 kuwa mwanzo wa unene, imewekwa na binadamu waliokaa wakashauriana kwa dalili walizokuwa nazo, na binadamu hao hao wamepata kuisogeza: mwaka 1998, Marekani iliposhusha mpaka wake kutoka karibu 28 hadi 25, mamilioni ya watu waliokuwa wakihesabiwa wa kawaida waligeuka kuwa wazito kupita kiasi, ilhali miili yao haikuongezeka hata ratili moja, na mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakabainisha kwamba kwa watu wengi wa asili ya Asia hatari huanza mapema zaidi, tangu 23.

Simaanishi kwamba chati ni ya uongo. Ukiwapanga watu elfu kumi itakuonyesha kwa insafu kwamba maradhi ya moyo na ya sukari huongezeka kadiri uzito unavyozidi, nawe, mwenye uwiano wa 34 na kidogo, huna budi kuisikiliza. Lakini kama vile wewe usivyokata kanzu ya mteja kwa wastani wa wanawake wote wa Tanga, bali humsimamisha mbele yako ukampima bega, kifua na kiuno, ndivyo uzito wa mtu mmoja usivyoweza kukatwa kwa wastani wa umma.

Tazama sasa chati inakudai nini. Kutoka 88 hadi 64 ni kilo 24, nazo ni zaidi ya robo ya mwili wako. Keys yuyo huyo, mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, aliwaweka vijana 36 waliojitolea huko Minnesota katika chakula cha nusu njaa kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwatibu walioumizwa na njaa ya vita, nao wakapoteza yapata robo ya uzito wao. Na vijana hao, waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na akili, wakawa hawawazi ila chakula usiku na mchana, wakisoma vitabu vya mapishi kwa shauku, wakighadhibika kwa jambo dogo, na walipoachiwa kula, wengi wao wakala pasipo kutosheka. Kweli, wao walianza wakiwa wembamba nawe hukuanza hivyo. Hata hivyo ndoto zako za chakula na hasira zako kwa watoto hazikutokana na udhaifu wa nia wala uchache wa subira, bali ni mwili uliokuwa ukijitetea, na kilo zilizorudi zilirudi kwa sababu hiyo hiyo. Usijilaumu kwa hilo, lakini pia usilirudie.

Ama kukata tamaa, hakuna sababu yake, na hapa ndipo penye habari njema ambayo hukusimuliwa. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti mkubwa juu ya watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila ya kufikia kisukari, wengi wao wanawake, na uwiano wao wa wastani ulikuwa 34, sawasawa na wako. Kundi moja miongoni mwao halikuambiwa lifike katika uzito wa chati. Liliambiwa lipunguze asilimia 7 tu ya uzito liliokuja nao, na litembee au lifanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 kila juma. Baada ya takriban miaka mitatu, kisukari kiliwapata hawa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa ushauri wa kawaida, ijapokuwa wengi wao, lau wangesimamishwa mbele ya chati, bado wangeitwa wanene. Asilimia 7 kwako wewe ni kilo sita na kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, uzito wa kulenga hauamuliwi kwanza ukafuatwa baadaye. Hutafutwa hatua kwa hatua, mpaka ufike mahali ambapo mwili umetulia nawe unaweza kukaa hapo aushi yako bila ya kujitesa. Na mahali hapo hujulikana kwa mambo manne.

La kwanza ni presha, ambayo haihukumiwi kwa kipimo kimoja cha siku ya hofu: rudi zahanati siku mbili tatu tofauti, ukae kwanza dakika tano mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, ndipo upimwe, lengo ni kuwa chini ya 140 kwa 90. La pili ni sukari kabla ya kula, ambayo ikifika 7 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili huitwa kisukari, nawe unataka ishuke chini ya 6.1.

La tatu ni kiuno, nacho waweza kukipima mwenyewe kwa ule utepe uuvaao shingoni kila siku. Vua kanga, simama wima miguu ikiachana kidogo, tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa, kisha kilele cha mfupa wa nyonga, na katikati ya viwili hivyo zungusha utepe usawa pande zote, usibane nyama wala usining'inie. Toa pumzi kama kawaida yako bila ya kulivuta tumbo ndani, ndipo usome. Mafuta yakaayo ndani ya tumbo, yakiyazunguka ini na matumbo, yana madhara kuliko yale ya mapaja na makalio, na mizani haijui kuyatofautisha. Kiuno kisichozidi nusu ya kimo, yaani sentimita 80 kwako, ndicho kinachosifiwa na matabibu wengi siku hizi. Lakini hata usipofika hapo, kila sentimita inayotoka ni faida.

La nne ni historia ya mwili wako, nayo ndiyo iliyonigusa zaidi katika barua yako. Ulipokuwa na kilo 80, umekwisha kuzaa watoto wote watatu, hukuwa na presha wala magoti hayakukuuma. Hiyo ni dalili iliyo bora kuliko uzito wa siku ya harusi, kwa maana mwili wa msichana ambaye hajazaa hauwezi kuwa hakimu wa mwili wa mama wa miaka 42. Fauka ya hayo, uangalie mambo ambayo hayana mashine ya kuyapima: kama unapanda ngazi bila ya kuhema, kama usingizi wako ni mzito, kama unainuka katika sijida bila ya kushika ukuta. Magoti hasa ni mepesi wa kushukuru, kwani kila kilo moja inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Basi nasaha yangu ni hii. Lenga kilo 82, na ujipe miezi sita ya kufika, ambayo ni kilo moja kwa mwezi. Ukifika, usiendelee, kaa hapo miezi mingine sita, maana kulinda uzito ni kazi mbali na kuupunguza, na aghalabu ndiko watu wanakoanguka. Kisha pima tena mambo yote manne. Yakiwa yametulia, hapo ndipo pako, wala usione aibu. Yakiwa yangali juu, shuka tena kidogo kuelekea 79 au 80, mahali ambapo mwili wako unapajua. Na tabibu akikuandikia dawa ya presha, itumie tangu leo, usiicheleweshe kwa kungojea mizani. Mishipa ya damu haisubiri.

Njia yenyewe haina siri. Chai yako, ikiwa unakunywa vikombe vitatu kwa siku na kila kimoja kina vijiko vitatu, ina vijiko tisa vya sukari ambavyo havikushibishi hata kidogo. Anza hapo, ukipunguza kijiko kimoja kila majuma mawili. Wali wa nazi usiuharamishe, bali uwe robo ya sahani, samaki au maharage robo, na nusu iliyosalia iwe mchicha, bamia, kachumbari na mfano wake. Chumvi ipungue kwa ajili ya presha. Mahamri na vitumbua viwe vya siku maalumu. Na kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa, ondoka kwenye cherehani kila saa, na kila siku utembee nusu saa kwa mwendo wa mtu anayechelewa. Jipime mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya chai, katika mizani ile ile na nguo ile ile, wala usishtuke kilo moja ikipanda karibu na siku zako, kwani hayo ni maji.

Unga wa sokoni usiuguse. Dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari yake kwa moyo, imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya vitu viuzwavyo kwa jina la mitishamba ya kupunguza mwili, na mwenye presha kama yako ndiye wa kwanza kudhurika nayo. Mwambie wifi yako hivyo kwa upole, kwani naamini amekusudia kheri.

Ama mume wako, mwite siku atakaporudi kutoka kazini ametulia, umwonyeshe karatasi ya zahanati badala ya kubishana naye juu ya unene na wembamba. Hofu yake si ya kudharauliwa, kwa sababu kwetu mke aliyekonda ghafla husemwa, na wapo waliozushiwa maradhi kwa kupungua tu. Mweleze kwamba hukusudii kukonda, unakusudia kuondoa kilo sita kwa nusu mwaka, kadiri ambayo jirani hataiona lakini moyo wako utaijua. Kisha mwombe awe mwenzio wa matembezi ya jioni, maana presha haichagui mke wala mume.

Nikujibu kwa mkato lile swali lako la mwisho: usibaki ulivyo, wala usikimbilie 64. Nenda 82, ukae, upimwe, kisha uniandikie tena, na safari hiyo unitajie kwanza presha, sukari na kiuno, ndipo uje kwenye kilo. Mwenyezi Mungu akujaalie siha njema.

Shangazi yako